Bibi Titi na ngoma zilizoitangulia bendera

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali la darasa la tano. Nani alileta uhuru wa Tanganyika? Najua umeshajibu kabla sijamaliza sentensi. Mwalimu Nyerere, TANU, Desemba 9, 1961, bila kumwaga damu. Umepata alama zote.

Sasa swali la pili, ambalo halimo katika mtihani wowote niliowahi kufanya, kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu. Mwaka 1955, wakati TANU ina umri wa mtoto anayetambaa na mitaani wengi hawajui hata kirefu cha herufi hizo nne, nani alimfanya mama muuza vitumbua asiyejua kusoma atoe hela yake akate kadi? Aliambiwa nini, na nani, akiwa amekaa wapi?

Jibu langu ni kwamba wengi wao waliimbiwa. Na aliyeongoza kuimba alikuwa na jina, alikuwa na kikundi cha ngoma, na baadaye alifungwa jela katika nchi ileile aliyoiimbia. Tumsome leo.

Kwanza tutoke nje kidogo ya mipaka yetu, maana jambo hili si la Watanzania peke yao. Wengi wetu tunamjua Miriam Makeba. Mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza ubaguzi wa Afrika Kusini ulivyo, na serikali ya Makaburu ikajibu kwa kupiga marufuku santuri zake. Tunamjua pia Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, aliyekwenda Brussels Januari 1960 na bendi yake ya African Jazz wakati wanasiasa wa Kongo wanajadiliana na Wabelgiji. Huko ukazaliwa wimbo Indépendance Cha Cha. Kongo ikawa huru Juni 30 mwaka huohuo, na wimbo ule ukachezwa mpaka kwenye nchi ambazo hazielewi neno hata moja la Kilingala.

Lakini kuna mmoja ambaye hatumjui, nasi tungepaswa kumjua. Anaitwa Mariem Hassan. Alizaliwa mwaka 1958 karibu na mji wa Smara, Sahara Magharibi, wakati huo koloni la Hispania. Mwaka 1975 Wahispania walipojiandaa kuondoka, Morocco na Mauritania zikaingia. Maelfu ya Wasahrawi wakakimbilia jangwani upande wa Algeria, kwenye makambi karibu na Tindouf, na Mariem akiwa mmoja wao. Katika makambi hayo akaimba na kikundi kilichoitwa Shahid El Uali, jina la kiongozi wa Polisario aliyeuawa vitani mwaka 1976. Kwa Wasahrawi ngoma kubwa iitwayo tbal hupigwa na wanawake, na ndiyo iliyokuwa nyuma ya sauti yake. Mwaka 2002 alihamia Hispania, akatoa albamu, akazunguka dunia akiimba habari za nchi ambayo kwenye ramani nyingi imechorwa kwa vidotidoti. Mwaka 2012 alitoa albamu iliyobeba jina la El Aaiún, mji mkuu wa nchi hiyo, baada ya ghasia za mwaka 2010. Alifariki Agosti 2015, makambini, nchi yake haijawa huru.

Kwa nini nasema tungepaswa kumjua? Kwa sababu Tanzania iliitambua jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978. Kwa sababu Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963 mpaka 1994. Sisi ndio tuliokuwa wenyeji wa wapigania uhuru wa nusu ya bara hili. Lakini ukitaja mwimbaji na uhuru, kijana wa leo atakupa majina ya nje tu. Ukimwuliza wa kwetu ni nani, anakuna kichwa.

Wa kwetu ni Titi binti Mohamed.

Kabla sijaanza habari zake, nieleze nilivyoelewa nguvu ya kuimba, maana sikuielewa chuoni. Mimi nimekulia Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya. Ukitoka Iringa kwa barabara kuu iendayo Zambia unaiacha Igawa, unapita Rujewa, halafu ni majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke. Kwetu mpunga hupandikizwa kwa mikono, na wengi wanaopandikiza ni wanawake. Wanainama mstari mmoja ndani ya maji, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na miche inaingia kwenye tope kwa mapigo ya wimbo.

Sasa sikiliza. Mwenye shamba akichelewesha malipo hawamwendei kwa maneno makali. Wataimba habari za fisi. Wataimba habari za mgeni aliyekula akaondoka bila kuaga. Jina halitajwi. Lakini kila aliye kwenye tuta anajua fisi ni nani, na fisi mwenyewe anajua kuliko wote. Afanye nini? Hawezi kumfukuza mtu kazi kwa kosa la kuimba habari za mnyama. Nimewahi kuona hela ikipatikana jioni ileile ambayo asubuhi iliambiwa haipo.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Hotuba ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukamatwa. Wimbo wenye kiitikio ni wa wote walioitikia. Utamkamata nani?

Wakoloni walilijua hilo. Kenya, miaka ya Mau Mau, watu walichukua nyimbo za kanisani, wakaacha tuni ileile, wakabadilisha maneno ya Kikikuyu yakawa ya ardhi na uhuru. Mzungu anayepita nje anasikia tenzi, anafurahi kwamba wenyeji wameokoka. Na kwetu huku pwani mambo hayo yalianza zamani zaidi. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, aliimba habari za mahakama na wenye uwezo wanaoonea wanyonge. Akaimba kwa Kiswahili cha mtaani, mpaka watu wa ngambo wakajisikia wenyewe kwenye santuri. Mpaka Shaaban Robert akaona aandike wasifu wake.

Na kulikuwa na ngoma ya beni. Mwanahistoria Terence Ranger ameandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975. Vijana wa pwani waliiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakagawanyika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, wakashindana. Askari na wafanyakazi wakaibeba beni mpaka bara. Mganda unaouona kando ya Ziwa Nyasa, wanaume wamevaa kaptula nyeupe wakipiga hatua kama gwaride, ni mtoto wa beni. Wazungu walicheka mwanzoni. Baadaye baadhi yao wakaanza kuwa na wasiwasi, maana waliona kitu ambacho hakikuwa mchezo: watu wa makabila mbalimbali, miji mbalimbali, wana viongozi, wana michango, wanatumiana habari. Yaani walikuwa na chama kabla neno chama halijawa la siasa.

Shika hilo neno, chama. Ndilo litakalotufikisha kwa Titi.

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka asome shule ya serikali, kama wazazi wengi Waislamu wa wakati ule walioogopa shule zitawabadilisha watoto dini. Baba alipofariki, mama akampeleka shule. Alisoma miaka michache tu. Alipovunja ungo akawekwa ndani, kisha akaozwa mdogo kwa mtu aliyemzidi sana umri. Ndoa haikudumu. Hapo hakuna ajabu, ndiyo yalikuwa maisha ya wasichana wengi wa mji ule. Ajabu ilikuwa kwenye sauti. Titi alikuwa mwimbaji, na akawa kiongozi wa kuimba wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Usidhani kikundi cha ngoma cha Dar es Salaam ya miaka ya 1950 kilikuwa watu waliokutana tu kucheza. Kilikuwa na viongozi, kilikuwa na mweka hazina, kilikuwa na sare. Mwenzao akifiwa walichanga. Mwenzao akioza mwana walikwenda wote wamevaa khanga moja. Mtoto akizaliwa walikuwepo, maiti ikitoka walikuwepo. Walikuwa wanawake kutoka makabila tofauti wanaoongea Kiswahili, wengi wameachika au wajane, wanaojitafutia riziki kwa kukaanga vitumbua, kupika pombe, kupangisha chumba. Hawakuwa na bosi. Hili la kutokuwa na bosi ndilo lililowatia wakoloni hasara, nitaeleza sasa hivi.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Ilikuwa na shida moja kubwa. Watu waliosoma, ambao ndio wangetegemewa kuiongoza, wengi walikuwa makarani, walimu na waganga wa serikali. Na serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka mwaka 1953 kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu mwenyewe alilazimika kuchagua, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu Pugu. Wangapi wangeweza kufanya hivyo? Mwanamume mwenye mshahara, mke, watoto na ndugu wa kijijini alipoombwa akate kadi, alitazama kushoto na kulia.

Mama wa vitumbua hakuandikiwa waraka. Nani amfukuze kazi? Karai ni lake.

Juni 1955 akaja Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour. Akauliza viongozi wa TANU swali rahisi: wanawake wenu wako wapi? Ikabidi watafutwe. Mzee Sheneda Plantan, mmoja wa wazee wa mjini waliokuwa nyuma ya TANU, akamjua Titi, na mume wa Titi wa wakati huo, dereva wa teksi, alikuwa mpenzi wa TANU. Basi Titi na mwenzake Tatu binti Mzee wakaingizwa, na Titi akapewa kazi ya kuwakusanya wanawake.

Mimi na wewe tuliokwenda chuo tungefanyaje? Tungeandika barua, tungebandika matangazo, tungeitisha semina, tungeweka na posho. Titi alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Aliwafuata mmoja mmoja, watu anaowajua, wengine walioshindana naye ukumbini, akawaomba wawaite watu wao. Akimpata kiongozi mmoja amepata kikundi kizima. Ilikuwa Julai. Kufika Oktoba mwaka huohuo wa 1955, Oscar Kambona, aliyekuwa katibu wa TANU, aliandika barua London akieleza kwamba mwanamke huyu ameandikisha wanachama wanawake 5,000.

Rudia kusoma namba hiyo. Elfu tano, kwa miezi mitatu. Hakukuwa na simu za mkononi na magari ya kampeni hayakuwepo. Barabara walizotumia zilikuwa zimeshachongwa miaka mingi na lelemama, na harusi, na misiba. TANU ilipita juu ya barabara hizo.

Hapa naomba nieleweke. Kuna watakaosema: Titi alikuwa mwanasiasa, uimbaji ulikuwa mambo ya ujana wake tu. Sikubali. Nani alimfundisha kusimama mbele ya umati wakati mwanamke wa umri wake alitakiwa azungumze kwa sauti ya chini nyuma ya pazia? Nani alimfundisha kwamba maneno marefu huchosha, na kwamba ukitaka watu wakumbuke kitu lazima uwape kiitikio? Nani alimfundisha kusoma uso wa hadhira, ajue hapa nipandishe, hapa ninyamaze niwaache wao? Hayo hayafundishwi kwenye kamati. Aliyafundishwa na Bomba. Alipozunguka majimboni na Nyerere kwenye mikutano, alikwenda kama mwimbaji aliyebadilisha mada.

Na nyimbo zilifanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Mkutano wa hadhara uliomba kibali cha polisi, na kibali kinaweza kunyimwa. Mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia hadharani. Harusi haiombi kibali. Kumtoa mwali hakuombi kibali. Wanawake walioimba TANU kwenye shughuli zao walikuwa wakiendesha mkutano ambao hakuna afisa wa wilaya aliyejua kama umefanyika. Wako waliokata kadi wakazificha ndani ya sanduku la nguo, mume asijue. Wako waliouza mapambo yao ili chama kipate nauli ya safari.

Muziki wa dansi nao haukukaa kimya. Morogoro alikuwepo Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, aliyeimba uhuru kwa mapigo ya rumba mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 1965. Lakini bendi zilikuwa na gitaa, zilirekodiwa, ndiyo maana leo tunazisikia. Ngoma za akina mama hazikuingizwa studio. Nitalirudia hili mwishoni, maana ndilo linaloniuma.

Na huku kwetu Nyanda za Juu je? Jimbo letu lilipiga kura awamu ya kwanza ya ule uchaguzi wa kura tatu, Septemba 1958, mpiga kura mmoja akimchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wagombea waliokuwa na baraka za TANU walishinda, akiwemo John Mwakangale. Vitabu vinatuambia hivyo, tunashangilia, tunafungua ukurasa mwingine. Lakini tazama masharti ya kupiga kura. Ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umefika darasa la nane, au uwe na cheo kinachotambuliwa. Sasa niambie ni mwanamke gani wa Usangu, au wa Uhehe, au hata wa Dar es Salaam aliyekaanga vitumbua, aliyeyafikia hayo?

Yaani walioimba uhuru hawakuwa na kura ya uhuru. Waliimba ili wengine wapige. Sijawahi kukuta jambo hili limesisitizwa na mwalimu yeyote wa historia niliyekaa mbele yake.

Ubaruku nilimwendea bibi mmoja, jirani wa nyumbani, aliyekuwa msichana siku zile. Shikamoo, marahaba, akanikaribisha kwenye mkeka, akaniuliza kama nimeoa, nikamwambia bado, akasikitika kwa niaba yangu. Nikamuuliza kama anakumbuka TANU ilivyoingia huku. Akasema hakumbuki mkutano wowote. Halafu akaanza kuimba. Nusu ya maneno yalikuwa yamempotea, ameyaziba kwa maneno ya kupandikiza mpunga, na jina la chama likatokea katikati kama jiwe kwenye wali. Alijifunza wapi? Kwa shangazi yake. Shangazi alijifunza wapi? Kwa wanawake waliotoka mjini kwenye msiba. Hakuna karatasi popote duniani inayoonyesha safari ya wimbo ule. Bibi ndiye karatasi.

Tuendelee na Titi, maana sasa tunafika pagumu.

Uhuru ulipatikana. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Alikuwa mbunge wa Rufiji na akapewa nafasi ya uwaziri mdogo. Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa ubunge. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na masharti yake ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Titi alikuwa na nyumba. Kwa mwanamke aliyeachika ujanani, aliyejua maana ya kukosa pa kulala, nyumba ilikuwa bima ya uzee. Akaachia uongozi.

Oktoba 1969 akakamatwa. Yeye, Michael Kamaliza aliyekuwa waziri, na maafisa wa jeshi, wakashitakiwa kula njama ya kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama, Oscar Kambona, yuleyule aliyeandika barua ya sifa mwaka 1955, alikuwa uhamishoni London. Kesi ilichukua siku 127. Titi alikana, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 rais akamsamehe, akatoka. Sina nia ya kuendesha kesi ile upya hapa. Ninachotaka kukuonyesha ni kilichofuata, yaani kimya. Sauti iliyojaza viwanja ikawa mama mmoja Dar es Salaam anayeishi maisha yake. Vitabu vya shule vikaendelea kufundisha uhuru bila yeye.

Mwaka 1984 alikuja mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, akakaa naye na wenzake, akawasikiliza. Kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilitoka mwaka 1997. Mengi tunayoyajua leo juu ya Bomba na wale 5,000 tunayajua kwa sababu yake. Mzee Mohamed Said naye ameandika sana habari za wazee wa Dar es Salaam walioachwa nje ya historia rasmi. Bibi Titi alifariki Novemba 2000, Johannesburg, alikokuwa akitibiwa. Leo jina lake liko kwenye barabara katikati ya jiji. Maelfu hupita kila siku, kondakta analitaja kama kituo, na abiria anauliza nauli.

Ukitazama yaliyompata utaona swali kubwa zaidi ya mtu mmoja. Wimbo wa uhuru unafanya nini uhuru ukishapatikana? Mkoloni hayupo, lakini aliyeimba bado ana koo.

Nchi yetu ilijibu swali hilo kwa kuwaajiri waimbaji. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi wakawa na bendi, JKT wakawa na bendi, Magereza wakawa na bendi. Mwanamuziki akapata mshahara, gitaa na mafuta ya gari. Sitaki kuwa mkorofi, humo ndimo zilimotoka nyimbo tamu kuliko zote tulizonazo, na nazipenda. Lakini anayekupa gitaa anaweza kulichukua. Wimbo uliotoka chini kwenda juu ukageuka, ukaanza kutoka juu kuja chini. Zamani waliimba kuwaambia watu jambo wanalotaka kusikia na wanaogopa kulisema. Baadaye waliimba kuwaambia watu jambo lililokwisha kuamuliwa.

Wale waliokataa kugeuka waliona cha moto. Hapa Mbeya tunaye Joseph Mbilinyi, Sugu, ambaye kizazi chetu kilimjua kama Mr II kabla hajawa mbunge. Wabunge wangapi walifika bungeni mwaka 2010 wakiwa na mtaji wa rap? Februari 2018 alihukumiwa miezi mitano jela kwa maneno aliyoyasema jukwaani juu ya rais. Mwaka uliotangulia, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, kisha rais mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia uamuzi ule. Mimi nilijiuliza: kama ruhusa ya wimbo inatoka kwa mtu mmoja, je, hiyo ni ruhusa au ni zawadi?

Simlinganishi Sugu na Titi. Wakati ni tofauti, na jambo lenyewe ni tofauti. Ninachosema ni kwamba tumerithi nchi iliyoimbwa kabla haijaandikwa, halafu tukarithi na woga wa waimbaji. Vyote viwili viko ndani ya nyumba moja.

Sasa lile linaloniuma. Wasahrawi, watu wa makambi ya mchangani, wanazo sauti zao kwenye santuri. Mariem Hassan amefariki, lakini mtoto aliyezaliwa leo Tindouf atamsikia akiimba nchi yake. Sisi wenye nchi huru, yenye redio ya taifa, vyuo vikuu na wizara yenye neno utamaduni, ukiniambia nikupigie wimbo mmoja wa wanawake waliokusanya kadi 5,000 mwaka 1955, kama walivyouimba wenyewe, na Titi akianzisha, sina cha kukupigia.

Fanya hesabu. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule alizaliwa 1940. Wamebaki wachache, na kila msiba wa bibi wa umri huo tunaochangia huko vijijini huenda tunazika na wimbo.

Nyie mnaosoma hapa mna simu zinazorekodi. Mnazitumia kurekodi wasanii wakiwa jukwaani, picha inacheza, sauti haisikiki. Likizo ijayo ukienda kwenu, iwe Rujewa, Ifunda, Tukuyu au Kilwa, kaa kwenye mkeka na bibi. Usimuulize habari za siasa, atakwambia hajui siasa. Muulize walikuwa wakiimba nini kwenye harusi wakati wa TANU. Washa simu, halafu nyamaza. Akisahau maneno usimsaidie. Mwache aweke ya kwake, maana ndivyo ule wimbo ulivyosafiri tangu mwanzo.

Ukimaliza, andika jina lake, kijiji chake na mwaka aliozaliwa. Hiyo ni historia, hata kama haina muhuri.

Alamsiki.